Mbweha wa Nyumba Namba Kumi na Tisa

Waraka ulikuja Februari 1975: kila mtumishi aliyepewa nyumba alime chakula kuizunguka. Nyumba za watumishi pale Tumbi wakati huo zilikuwa na nyasi zilizofyekwa kila Jumamosi na vitalu vya maua vilivyozungushiwa mawe ya kupakwa chokaa. Wiki mbili baadaye nyasi hazikuwepo. Mfaume, karani aliyeishi nyumba namba kumi na nane, aling'oa mawaridi ya mkewe akapanda mihogo, na mkewe hakumsemesha siku tatu. Walimu walilima kwa viatu vya kazini, maana mabuti ya mvua yalikuwa yameadimika katika duka la ushirika. Redio zote zilifunguliwa stesheni moja, hivi kwamba mtu aliweza kutembea kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, jembe begani, asikose hata neno moja la taarifa ya habari. Laurensia aliishi nyumba nyingi baada ya hapo, na kila alipoulizwa ni ipi aliyoipenda, alijibu namba kumi na tisa, Tumbi, bila kufikiri.

Majirani walipanda mahindi na mihogo. Yeye alipanda njugu mawe.

Kwao ni Kamachumu, upande wa pili wa nchi, na njugu hizo alizipata kwa mama yake, ambaye naye alizipata kwa mama yake: nyeupe kama maziwa, zenye jicho jeusi upande mmoja. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kipande cha ardhi alichokuwa akilima kilikuwa kimepimwa ili kijengwe zahanati ya kijiji, na mbegu zilizobaki nyumbani zililiwa wakati wa njaa. "Usinilaumu, watoto walikuwa wanalia," dada yake aliandika. Laurensia hakumlaumu. Alishusha kibuyu kutoka juu ya kabati, akazimwaga njugu kitandani, akazihesabu. Zilikuwa mia moja themanini na sita. Kwa kadiri alivyojua, hizo ndizo zilizosalia duniani. Na njugu hazikai kibuyuni milele. Mbegu ikichakaa haioti. Ilibidi zipandwe masika hayo hayo, na zizae.

Zikaota mia moja sitini na nane.

Telesphory, mumewe, alikuwa mwalimu wa bayolojia, mtu wa Ngara, mrefu, asiyetoka nyumbani bila tai hata wakati wa likizo. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo aliandika mvua ya kila siku, aliyoipima kwa kopo la maziwa lililochorwa milimita kwa msumari. Mwezi Mei mashina yalipoanza kupiga manjano, aliandika hilo pia, kisha akatafuta sababu. Udongo wa Tumbi ni mchanga. Kule Kamachumu mama mkwe alitumia samadi, lakini hapa ng'ombe hawakuwepo, na mbolea ya kiwandani ilikuwa ya mashamba ya vijiji. Alichopata ni vichwa na matumbo ya kambale. Mashaka, aliyeleta samaki kwa baiskeli kutoka Ruvu kila Jumanne na Ijumaa, alikuwa akivitupa.

"Unavitaka vya nini, mwalimu?" Mashaka aliuliza. "Una paka wangapi?"

"Fosforasi," alisema Telesphory. "Na naitrojeni."

"Haya. Hao paka nawasalimu."

Tarehe ishirini Mei Telesphory alichimba mfereji mwembamba kati ya mstari na mstari, kina cha kiganja, akapanga vichwa vya kambale, akafukia, na udongo uliozidi akaupandisha kwenye mashina kama Laurensia alivyomwelekeza, kwa kuwa njugu zilikuwa zimeanza kutoa maua na ua la njugu hutaka kufunikwa ndipo lizae chini. Siku kumi baadaye majani yalikuwa ya kijani kibichi. Aliandika: *matokeo mazuri*, akazika vichwa vingine. Alikuwa hajakosea.

Tarehe nne Juni Laurensia alitoka alfajiri kuchota maji, akakuta mashina kumi na moja yamelala nje ya ardhi, mizizi juu. Mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa kucha. Nyayo zilitoka upande wa mikorosho na kurudi huko huko.

"Mbweha," alisema Telesphory, akipima unyayo kwa rula.

Laurensia hakuhitaji rula. Tangu utotoni alijua kwamba mbweha huingia njugu. Mama yake alikuwa akilala kwenye kibanda shambani kila msimu zinapokaribia kukomaa, na alikuwa akipiga debe jioni na alfajiri akiwatukana mbweha na ukoo wao wote. Kwa hiyo hakujiuliza wanachotafuta. Alipiga magoti, akayarudisha mashina ardhini moja moja, akayamwagia maji. Telesphory naye, kwa kuwa mmea ulioshtuka huhitaji nguvu, akaongeza vichwa vya kambale.

Usiku wa tano mbweha wakarudi. Wakang'oa mashina kumi na tisa.

Kuanzia hapo Juni yote ilikwenda hivyo. Laurensia alinyunyiza majivu na pilipili. Mvua ya siku moja ikaviosha. Walifunga makopo kwenye kamba. Usiku wa kwanza yalilia, usiku wa pili yalilia, usiku wa tatu yalilia na mbweha wakaendelea na kazi. Waliweka miiba kuzunguka shamba zima, na Bertha, binti yao wa darasa la pili, akachomwa mguu, na mbweha wakapita chini ya miiba. Kila baada ya shambulio mke alipandikiza upya, na mume akalisha wagonjwa.

Wakati wa magharibi waliwaona. Walikuwa wawili, rangi ya majivu, mstari mweupe ubavuni, ncha ya mkia nyeupe kama iliyochovywa katika unga. Walisimama chini ya mkorosho wa mwisho, hatua themanini kutoka mlango wa jikoni, wakitazama moshi wa mkaa, wakitazama kuku wa Mfaume wakipanda bandani. Hawakuonekana na haraka. Jike alikaa kitako kama mtu anayengoja basi. Baadaye, katika miji ambayo mnyama mkubwa kuliko wote alikuwa panya, Laurensia alikiri kwamba walikuwa wazuri. Wakati ule alitamani wafe.

Tarehe ishirini na tano Juni alihesabu mashina yaliyosimama. Yalikuwa sabini na matatu. Ilibaki zaidi ya mwezi mmoja.

"Kwa kasi hii," alisema Telesphory, akigeuza kurasa, "tarehe kumi na nane Julai hatutakuwa na hata moja."

"Nimeuliza?"

"Nakwambia tu kilichopo."

"Kilichopo nakiona."

Jioni hiyo Mfaume aliinama juu ya ua wa michongoma, kibaraghashia kimesogezwa nyuma.

"Mama Bertha, pole. Nimewasikia tena jana. Kuku zangu hawagusi, unajua? Wanapita bandani kwangu moja kwa moja hadi kwako. Nimemwambia mke wangu, hawa mbweha ni Wahaya kama wewe."

"Cheka tu, baba Tatu. Mihogo yako haing'olewi."

"Sicheki. Nakuletea dawa." Akashusha sauti. "Stoo ya kazini kuna sumu ya panya, ile ya unga mweusi. Chukua kichwa cha samaki, fungua mdomo, tia kijiko. Mashaka ananiambia kule Ruvu mbweha humwacha mbuzi akafuata kambale."

Ijumaa Telesphory alileta sumu, imefungwa katika karatasi tatu, na jina la sumu limeandikwa juu ya kila karatasi. Hakuipenda. Alisema kunguru watakula, mbwa wa mganga msaidizi atakula, na Bertha hatatoka nje siku mbili. Laurensia alisema Bertha hatatoka nje siku mbili.

Jumamosi asubuhi, Telesphory akiwa shuleni kusimamia mitihani, Laurensia alikaa kwenye kibao nyuma ya jikoni na karai la vichwa vya kambale mbele yake. Alikuwa amefunga kitambaa puani. Ndipo akasikia hodi.

Alikuwa Bi Mwanahalima wa Janga, mwanamke wa miaka sitini hivi, aliyepita nyumba za watumishi kila Jumamosi na kikapu cha matembele na kisamvu. Aliolewa Kisarawe akiwa msichana, akakaa huko miaka thelathini, mume alipofariki akarudi kwao Janga akiwa na ulimi mkali kuliko alivyoondoka nao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejifunga uso kama mwizi?"

"Natengeneza dawa ya mbweha."

Bi Mwanahalima alitua kikapu, akachungulia karai. "Kambale. Mbweha gani huyo wa kupikiwa kambale? Mie nina wiki mbili sijamwonja."

"Ndiyo kwanza nataka kutia sumu ndani. Wanaling'oa shamba langu la njugu, bibi. Wananimalizia."

"Njugu?" Alitazama shamba, kisha mikorosho, kisha karai. "Mbweha amekuja kula njugu?"

"Kwetu hula. Mama yangu alikuwa akiwalinda."

"Haya. Kwenu." Akalisogelea shamba, akainama kwa shida, mkono kiunoni. Aliokota shina lililong'olewa usiku uliopita, akaligeuza. Maganda machanga yalining'inia kwenye mizizi, meupe, yenye udongo. Aliyahesabu moja moja kwa kidole gumba kama anayevuta tasbihi. "Njoo, Mama Bertha. Nionyeshe ganda lililoumwa."

Laurensia alikuja. Akatafuta. Aliokota shina la pili, la tatu, la tano. Alipekua udongo wa mashimo kwa vidole. Kila ganda lilikuwa mahali pake au limeanguka kando, zima. Mwezi mzima alikuwa amehesabu mashina. Hakuwahi kuhesabu maganda.

"Hajala hata moja," alisema polepole.

"Mbweha wa Kisarawe walikula mananasi yetu, na kuku, na siku moja kiatu cha marehemu. Nawajua. Mnyama akitaka njugu, hula njugu. Huyu anatafuta kitu." Bi Mwanahalima alichukua konzi ya udongo kutoka shimoni, akainusa, akakunja uso. Akageuka kulitazama karai la vichwa vya kambale. "Mwanangu, vichwa hivi mmevipata lini?"

"Mashaka hutuletea Jumanne na Ijumaa."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Na msipotia sumu, mnavifanyia nini?"

Laurensia alilitazama karai, kisha mistari ya njugu. Kitambaa kilimshuka shingoni.

"Tunavizika," alisema. "Kwenye mistari. Ni mbolea."

Bi Mwanahalima alianza kucheka kabla hajakaa. Akakaa chini kabisa, miguu mbele, akacheka hadi akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Ewe Mola! Mnamwandalia meza, mnaifunika, halafu mnamtilia sumu kwa kuwa amekuja kula! Na akimwaga sahani mnamwongezea!"

"Mwalimu alisema ni fosforasi."

"Kweli! Mbweha naye anasema hivyo hivyo!"

Laurensia hakucheka wakati ule. Alikwenda ndani, akaifunga upya sumu katika karatasi zake tatu, akaiweka juu ya kabati kusikofikika. Akarudi na vijiko viwili vya kulia. Tatizo lilikuwa wazi: kambale walikuwa chini, kati ya mistari, na mizizi ya njugu ilikuwa imeshatambaa kuwafuata. Kwa jembe wangekata maganda ambayo mbweha hawakuyagusa. Wakiwaacha, mbweha wangekuja tena usiku ule.

"Kwa kijiko," alisema. "Kutoka katikati ya mfereji. Shina lisiguswe."

"Mimi nina matembele ya kuuza."

"Nitayachukua yote, bibi."

"Basi leteni kibao, magoti yangu si ya serikali."

Walifanya kazi hiyo kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Jua la Juni la Tumbi halichomi sana, na upepo wa kusi ulikuwa ukipita katika mikorosho. Bi Mwanahalima aliimba kwa sauti ya chini nyimbo za kuchezea mwali, akikatiza kila alipofukua kichwa ili kukisalimu. "Huyu hapa, amelala kwa amani. Samaki asiye na sanda." Bertha alipewa kazi ya kushika karai na kuziba pua. Mashina sita yalilegea na Laurensia akayaegemeza kwa vijiti. Mawili yakakatika. Alitoka machozi kwa hayo mawili, akayafuta kwa kiwiko, akaendelea.

Telesphory alirudi akawakuta wanawake wawili wameinama katika mifereji yake, na karai limejaa.

"Mnafanya nini?"

"Tunaondoa chakula cha wageni wako," alisema Bi Mwanahalima. "Shikamoo hujanipa."

"Shikamoo, bibi. Laurensia, hiyo ni mbolea ya wiki tano."

Laurensia alimweleza. Alisema kwa kifupi, bila kuinua kichwa: maganda hayajaliwa, mashimo yamefuata mifereji, kuku hawaguswi. Telesphory alisikiliza. Aliingia ndani, na wakamsikia akivuta droo. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba Bi Mwanahalima aliuliza kama amelala. Alipotoka alikuwa ameshika daftari limefunguka, kidole katikati.

"Tarehe thelathini Mei, kambale. Tarehe nne Juni, mbweha. Tarehe sita, kambale. Tarehe tisa, mbweha. Tarehe kumi na tatu…" Alifunga daftari. "Mara saba. Kila mara ndani ya siku tano. Nimeziandika zote kwa mkono wangu, kurasa mbili mbali mbali."

"Kwa nini mbali mbali?" aliuliza Laurensia.

"Mbolea niliiweka chini ya kilimo. Mbweha niliwaweka chini ya wanyama."

Bi Mwanahalima akaangukia tena kicheko. Safari hii Laurensia naye akashindwa kujizuia, na Telesphory akasimama kati yao, mikono nyuma, akingoja wamalize, kama anavyongoja darasa. Kisha akavua saa, akaitia mfukoni, akalibeba karai lile kichwani. Akalipeleka akiwa na tai, kupita nyuma ya nyumba zote, hadi kwenye bonde ng'ambo ya mikorosho, mwendo wa nusu saa. Nyumba namba kumi na nane ilimwona.

"Mwalimu!" Mfaume aliita. "Msiba wa nani?"

"Wa kambale," alisema Telesphory bila kusimama.

"Mazishi saa ngapi?"

"Yalishafanyika. Nahamisha kaburi."

Jioni mbweha walikuja kama kawaida chini ya mkorosho wa mwisho. Laurensia alikuwa ameketi kwenye kibao katikati ya shamba lake, sufuria na mwiko mapajani. Hakupiga. Alitaka kujua. Dume lilitangulia, pua chini, likaingia katika mstari wa kwanza, hatua kumi tu kutoka alipokaa. Likakwaruza mara moja. Mashina yaliyobaki yalikuwa sitini na manne, na kama Bi Mwanahalima alikosea, sumu ilikuwa juu ya kabati na hapakuwa na siku za kupoteza. Dume lilinusa shimo lake, likanusa shina lenyewe, majani, maganda. Likapiga chafya. Kisha likainua kichwa upande wa bonde, upepo ulikotoka, na likaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka miadi. Jike lilikuwa limeshatangulia.

Wiki iliyofuata walipita mara mbili, wakanusa, wakaenda zao. Baada ya hapo walisikika tu, mbali, upande wa Ruvu. Jumatatu Telesphory alirudisha sumu stoo na kudai asainiwe kwamba imerudi pungufu ya kijiko sifuri.

Njugu zilivunwa tarehe tisa Agosti, siku ya Jumamosi, majani yalipokuwa yamepooza. Laurensia aliomba mtu yeyote asimsaidie kung'oa. Aling'oa mwenyewe, shina baada ya shina, akikung'uta mchanga kwenye gunia, na Bi Mwanahalima alikaa kivulini akichambua, yaliyokomaa huku, machanga kule. Telesphory aliruhusiwa kuhesabu. Maganda yaliyokomaa yalikuwa elfu moja mia moja na tisa.

Laurensia aliyagawa mafungu mawili sawa, kwa macho tu. Moja alilitia kwenye kibuyu. La pili alilifunga katika kitambaa, akaliweka mapajani mwa Bi Mwanahalima.

"Mie? Mbegu ya mama yako?"

"Mama alikuwa na kibuyu kimoja, nyumba moja. Nilipata barua moja tu, na mbegu zikawa zimekwisha. Panda Janga, bibi."

Bi Mwanahalima aliuinua mzigo, akaupima kwa kiganja. Akafungua fundo, akazitazama, akalifunga tena kwa nguvu zaidi. "Nitazipanda. Na wakwe zangu wa Kisarawe wakiomba?"

"Wape."

Yalibaki machanga, maganda laini yasiyofaa kwa mbegu. Nyumbani kwao Laurensia hayo ndiyo yaliyochemshwa siku ya mavuno, bila kumenywa, kwa chumvi, na kila mtu akala kwa mkono mmoja huku mwingine ukikinga maji ya chumvi yasidondoke. Hakuwa amewahi kuyapika tangu aolewe. Hakuwa na shamba, na za kibuyuni zilikuwa chache mno, za mbegu tu. Alipika sufuria moja. Walikaa kwenye ngazi ya jikoni, Telesphory, Bertha, Bi Mwanahalima na Mfaume aliyekuja kwa harufu, wakipasua maganda.

Telesphory alitafuna ya kwanza kwa makini. Miaka tisa ya ndoa, alikuwa amesikia habari za njugu hizi kila msimu, na hakuwa ameonja hata moja.

"Kumbe ndiyo ladha yake," alisema.

Laurensia alikuwa na ganda mdomoni, chumvi ikimshuka kifundoni mwa mkono. Alimeza kwanza.

"Ndiyo hii," alisema.